Maji Yanatoka

"Samahani dada, hapa maji yanatoka?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimeinamia beseni uani, nafua sare za mwanangu. Aliyeniuliza ni binti mdogo tu, kavaa dera la kijani, tumbo limeanza kujionyesha. Mumewe kasimama nyuma yake na helmeti ya bodaboda mkononi. Dalali alikuwa mbele yao, anazungusha funguo kidoleni, anasifia madirisha ya alumini kana kwamba kayapachika yeye.

Nikanyoosha mgongo. Nikamtazama dalali. Dalali akatazama paa.

"Yanatoka," nikasema.

Na sikudanganya. Nilifungua bomba mbele yao, maji yakaja kwa nguvu hadi yakamrukia dalali suruali. Binti akacheka. Mchana wa siku hiyohiyo walilipa miezi sita, 80,000 kwa mwezi, na mwezi mmoja wa dalali juu yake.

Hii ni wiki ya saba tangu siku ile, na jibu langu bado limenikaa kooni kama mwiba wa perege.

Barua ya Kiingereza

Mwanzoni mwa Mei, usiku, mke wa mwenye nyumba alinigongea mlango. Mwenye nyumba wetu tulimwita Mzee, mkewe tukimwita Bibi. Walikaa vyumba viwili vya mbele, sisi wapangaji tukajaza vilivyobaki, kaya saba kwa jumla. Nyumba ya Tabata ya kawaida: korido katikati, choo uani, na ukutani maandishi ya rangi nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI. Mzee aliyaandika mwenyewe enzi za ugomvi na wadogo zake.

Bibi alikuwa kaficha bahasha ndani ya kanga.

"Mwalimu, hebu nisomee hii. Nimeikuta chini ya godoro, upande wa mzee wako."

Nikawasha tochi ya simu. Kurasa mbili, Kiingereza kitupu, nembo ya benki juu. Mara ya kwanza nilisoma kimya, haraka, kama ninavyopitia madaftari ya darasa la sita. Mara ya pili nikaanza kumfafanulia, sentensi moja moja, na kila sentensi ilikuwa inanigusa mimi kuliko yeye alivyojua. Marejesho ya miezi mitano hayajalipwa. Ndani ya siku 60 tangu kupokea barua hii deni lilipwe, la sivyo benki itauza nyumba iliyowekwa rehani. Mzee alikuwa kasaini kuipokea tarehe 11 Aprili. Usiku ule ulikuwa wa tarehe 2 Mei. Nikahesabu kwa vidole chini ya mtandio. Zimekwenda 21, zimebaki 39.

"Nyumba ipi iliyowekwa?" Bibi akauliza.

"Hii, Bibi."

Alikaa kwenye ndoo yangu ya unga bila kukaribishwa.

Kisha akaanza kukumbuka. Kuna siku alipelekwa mjini, akavaa gauni lake la Idi, akapewa soda baridi, akaonyeshwa pa kuweka saini. Makaratasi ya fremu za biashara, aliambiwa. Sheria yetu ya Ardhi inataka mke au mume aridhie kabla nyumba wanayoishi haijawekwa rehani, na Bibi aliridhia, saini yake ipo. Aliridhia nini hasa, alikuja kujua miaka mitatu baadaye, kwa tochi ya simu, akisomewa na mpangaji wake.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Usiwaambie wenzako, mwanangu."

Nikaitikia. Kumwitikia mama wa watu saa nne usiku ni rahisi. Asubuhi yake, nikipiga mswaki karibu na fundi cherehani wa chumba cha tatu, ndipo nilipouona uzito wa nilichoitikia. Fundi alikuwa ananiambia anataka kulipa mwaka mzima mwezi wa sita, apumzike.

Fremu tatu

Sitaki kumchora Mzee kama mwizi. Nimejaribu, kwa sababu ingenirahisishia mambo, nikashindwa.

Alipostaafu, aliambiwa na kila mtu kwamba barabara ya mtaa wetu itawekwa lami, na mbele ya nyumba kuna uwanja. Fremu tatu: duka la dawa, saluni, wakala wa miamala. Akakopa. Matofali yakapanda, saruji ikapanda bei, hela ikaishia kwenye lenta. Mpaka leo fremu zile hazina paa. Paka wanazalia humo, na watoto wetu wakicheza kombolela ndiko wanakojificha. Lami haijaja.

Rejesho lilikuwa 650,000 kwa mwezi. Bibi alinitajia baadaye, baada ya siri kutuzoesha. Mimi nilipiga hesabu nyuma ya andalio la somo: kaya mbili za chumba na sebule, 150,000 kila mmoja, na vyumba vitano vya 80,000. Jumla 700,000 kwa mwezi. Inatosha! Inabaki na ya sukari!

Ila benki inadai kila mwezi, na Mzee halipwi kila mwezi. Analipwa kwa mikupuo. Machi nampa 900,000 mimi, wakati huohuo kuna msiba kijijini, bati limetoboka, mjukuu amefukuzwa ada. Mei hakuna anayedaiwa kodi, na benki iko palepale. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo tumeilalamikia sana sisi wapangaji, kwamba inatuumiza, na kweli inatuumiza. Sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kumzamisha hata anayeipokea.

Cherehani

Kabla ya benki, walikuja wengine.

Bibi, alipoona rejesho halifiki, alikuwa anachukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, kuziba pengo, bila kujua pengo lenyewe lina kina gani. Alijua tu kwamba mumewe kila mwisho wa mwezi hali chakula. Katikati ya Mei vijana wawili walifika na pikipiki ya matairi matatu, saa tisa alasiri. Walimtaja Bibi jina lake kamili, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Wakatoa televisheni. Wakatoa mtungi wa gesi. Mmoja akapita kibarazani akakuta cherehani ya fundi, na suruali ya mteja bado iko chini ya sindano.

Akaishika.

Fundi ni mtu mpole, ana mguu mmoja mfupi, sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata siku ya mpira. Siku ile aliikumbatia cherehani kama mtu anayeokoa mtoto, akawa anarudia neno moja tu: "Mpangaji! Mimi mpangaji! Mpangaji mimi!"

Kijana akamwambia, "Kwani nyumba ni ya nani?"

Mjumbe aliitwa akaja na kandambili, wakaelewana, cherehani ikabaki. Lakini uzi ulikatika, na ile suruali ikapasuka paja zima. Fundi alimlipa mteja kitambaa kipya. Hakumdai Bibi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nimdai nini mtu waliyembebea mpaka gesi?"

Usiku huo nilimwambia fundi habari za barua. Siri ya Bibi ilidumu wiki mbili. Nilimwambia kwa sababu ya cherehani, na pia, nikiwa mkweli, kwa sababu nilichoka kuijua peke yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akashona vifungo viwili, akasema twende Baraza la Ardhi na Nyumba. Kesho yake akasema tusiende, maana tutakwenda kudai nini, na mpaka kesi isikilizwe tutakuwa tumeshahama mara tatu.

Elfu moja na mia tano

Nimejiuliza sana kwa nini hatukushtuka mapema. Mtu mmoja alikuja mwezi Februari akapiga picha nyumba pande zote, akapima kwa hatua, akaandika kwenye kishikwambi. Tuliamua ni mtu wa barabara. Tulifurahi hata.

Nadhani jibu ni kwamba tulikwishazoea. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, 1,000 kwa mwezi mwanzoni, 1,500 tangu 2023 kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Kodi ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji. Tuliambiwa tukaelewane na wenye nyumba wetu watupunguzie kwenye pango. Nyie mnaosoma, nani kati yenu alikwenda kumgongea baba mwenye nyumba akadai 1,500 yake?

Mimi sikwenda. Ningeonekana mchoyo. Kwetu tulichangia umeme, mita moja, na kila mwanzo wa mwezi yule aliyekuwa zamu ya kununua alikuta uniti zimepungua, akaguna, yakaisha.

Sisemi kwamba 1,500 ndiyo iliyouza nyumba. Nasema mkono wetu ulikwishazoea njia. Maji yalipokatwa katikati ya Aprili, mafundi wakang'oa mita kwa sababu ankara zilifika 386,000, hakuna aliyemuuliza Mzee zilikwenda wapi zile 5,000 alizotukusanya kila mwezi kila chumba. Tulinunua madumu, 500 dumu moja, wiki sita. Mimi na mwanangu madumu manne kwa siku. Yule kijana wa bajaji wa chumba cha mwisho peke yake ndiye aliyekataa. Alipakia godoro lake usiku, akaondoka na miezi miwili yake ikiwa ndani. Tulimcheka kwamba hajui kuvumilia.

Mkopo bila hati

Kuna usiku nilitoa mkataba wangu wa pango nikausoma vizuri. Ni ule wa kurasa mbili unaochapwa steshenari, unajaza majina kwenye vidoti. Wajibu wa mpangaji: vipengele tisa. Kutofuga kuku kimojawapo. Wajibu wa mwenye nyumba: viwili. Zamani kulikuwa na sheria maalumu ya kudhibiti pango, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mambo mengi kati yangu na Mzee yamebaki kwenye hizo karatasi mbili zenye vidoti.

Nikazilinganisha na ile barua.

Benki ilimpa Mzee hela mapema, ilipwe kidogo kidogo. Mimi pia nilimpa Mzee hela mapema, anilipe kidogo kidogo, kwa usiku mmoja mmoja wa kulala ndani mwake. Kumbe na mimi namkopesha. Sote saba tunamkopesha, kila nusu mwaka, bila riba. Tofauti ni kwamba benki ilichukua hati, ikachukua saini ya Bibi, ikamtuma mtu na kishikwambi. Mimi nilichukua funguo mbili na maneno "karibu sana mwanangu."

Na siku 60 za kwenye barua zilikuwa za Mzee. Zangu zilikuwa zile 39 nilizozipata kwa bahati, kwa kuwa Bibi hajui Kiingereza.

Tulichoelewana

Nilimfuata Mzee tarehe 20 Mei. Nilimkuta kwenye fremu ya katikati, kakaa juu ya tofali, anasikiliza redio. Nilimwamkia, nikazunguka mbuyu, afya, mvua, mjukuu. Kisha nikamwambia ninahama mwisho wa mwezi na naomba hela yangu ya Juni, Julai na Agosti, 450,000.

Hakuuliza nimejuaje. Alizima redio.

"Mwalimu, sina. Ila chumba cha yule kijana kipo. Nikipata mtu, ya kwanza ni yako."

"Nani atapanga nyumba haina maji, Mzee?"

"Ndiyo hapo."

Mnaona ilivyokwenda? Sikupanga. Nilijikuta tu jioni napita chumba hadi chumba na daftari. Nusu ya deni la maji ikilipwa watarudisha mita. Kaya sita, 33,000 kila mmoja, tunapata 198,000, inayobaki soda ya mafundi. Mzee atatukata kwenye pango. Watu wanamwamini mwalimu. Mama wa chumba cha nne alitoa hela ya kikoba. Fundi pekee alinitazama kwa muda, maana yeye alijua ninachojua, akatoa 33,000 zake bila neno.

Mita ikarudi Jumatano. Jumamosi dalali akaleta watu.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku ile. Kwamba dalali ndiye aliyepaswa kusema. Kwamba Mzee alikuwa mita tano tu kutoka tulipo. Kwamba binti aliuliza maji, nikamjibu maji. Kwamba nina mtoto. Zote nimezijaribu, hakuna hata moja inayofika mpaka alfajiri.

Saa mbili usiku simu ikalia. Nimepokea 400,000 kutoka kwa Mzee. Katika 480,000 za wale vijana alibakiza 80,000, na ujumbe chini: *50 yako nitaimalizia, nisamehe mwanangu.*

Niliisoma mara mbili. Kisha nikaituma kwa mwenye nyumba wangu mpya, kianzio cha miezi sita.

Jumamosi iliyopita

Fundi alinitumia picha. Tangazo la mnada limebandikwa ukutani kwa gundi ya unga, karatasi ya njano, chini kidogo ya NYUMBA HII HAIUZWI. Sheria inataka tangazo litangulie mnada kwa siku zisizopungua 14, na picha ilikuja siku ya tano. Hakuandika kitu. Lakini pembeni ya picha, kwenye kamba ya uani, niliona dera la kijani limeanikwa.

Nikaenda. Nilibeba 100,000, ndiyo niliyokuwa nayo.

Bibi hayupo, kapelekwa kwa mwanaye Morogoro. Mzee alikuwa ndani, mlango umerudishwa, sikugonga. Fundi alikuwa kibarazani, na cherehani sasa kaifunga kwa mnyororo wa baiskeli kwenye nondo ya dirisha. Alimaliza mshono ndipo akaniitikia.

Binti nilimkuta palepale nilipokuwa nimeinama mimi, kakaa kwenye kigoda, tumbo halimruhusu tena kuinama. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Barua, siku 39, mita, daftari, ile 400,000. Nilitegemea atapiga kelele, na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Aliendelea kusuuza shuka.

"Mimi niliuliza maji," akasema baada ya muda. "Sikujua kuna kingine cha kuuliza."

Nikatoa bahasha. Akajifuta mikono kwenye dera, akazihesabu, noti kumi, akanitazama.

"Hii ya nini, dada?"

Nikashindwa kusema ya nini. Nikasema ya kuhamia. Akaikunja akaitia kifuani. Akaniambia mumewe kaenda kuangalia chumba Segerea, dalali mwingine, wanataka miezi sita tena na hawana, labda mitatu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko niliko kuna chumba.

Nikamwambia kipo kimoja, cha uani.

"Na mwenye nyumba wako wewe, hana deni?"

Nilikuwa nimekaa kwa yule mama mwezi na nusu. Nilimlipa 900,000 kwa mkupuo, tukasaini karatasi mbili zenye vidoti, akaniambia karibu sana mwanangu. Ana gari, ana msalaba mkubwa sebuleni, ana ghorofa imeanza nyuma imeishia kwenye nguzo.

"Sikumuuliza," nikasema.

"Uliuliza nini?"

Nikainama, nikashika upande wa pili wa shuka, tukaanza kulikamua.